Mutisya Munge: Mchongaji wa Wamunyu Aliyemtafuta Mnunuzi

Twiga wa mbao mwenye shingo ndefu, kifaru mweusi anayeng'aa, jozi ya vijiko vya saladi vyenye vichwa vya swala: vitu hivi vimesafiri kuliko watu wengi. Vimo sebuleni Hamburg, vimo kwenye rafu za maduka ya London, na kila mtalii aliyepita Mombasa au Nairobi amewahi kuombwa avinunue. Ukifuatilia biashara hii ilikotoka, njia inakupeleka Ukambani, kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, hadi kituo cha biashara cha Wamunyu. Hapo wazee watakutajia mtu mmoja: Mutisya wa Munge.

Mutisya hakusomea uchongaji chuoni. Hakupewa mkopo na benki, na wala serikali ya wakati wake haikuwa na mpango wowote wa kumsaidia fundi wa kijijini kuuza kazi yake. Alikuwa na mikono yenye ujuzi wa nyumbani, alikuwa na macho ya kutazama, na alikuwa na bahati mbaya ya kuishi wakati wa vita ambavyo havikumhusu. Kutokana na hayo matatu ikazaliwa kazi ambayo baadaye ililisha makumi ya maelfu ya familia nchini Kenya. Mazungumzo haya yanamhusu yeye na wale waliomfuata, na swali ambalo kila fundi anayejitafutia riziki bado analiuliza: kazi nzuri ikishatoka mkononi, itamfikiaje mwenye fedha?

Tuanze kabla ya vita. Wakamba walikuwa wachongaji tangu zamani. Kigoda cha mzee, kile cha miguu mitatu, kilichongwa kutoka kipande kimoja cha mti, kisha juu yake pakapambwa kwa waya mwembamba wa shaba uliopigiliwa ndani ya mbao kwa subira kubwa. Mzinga wa nyuki ulikuwa gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini. Palikuwa na miko, kata za kuchotea, fimbo za wazee na vyombo vya ugoro. Fundi hodari alijulikana katika kila kijiji, na mteja wake alikuwa jirani yake. Kigoda kilitengenezwa kwa sababu mzee fulani alikihitaji, naye alilipa kwa mbuzi, kwa nafaka, au kwa kumbukumbu ya wema.

Wakamba walikuwa pia wafanyabiashara wa safari ndefu. Katika karne ya 19 misafara yao ilipeleka pembe za ndovu hadi Mombasa, na jina la Kivui wa Mwendwa wa Kitui lilivuma mpaka Pwani. Ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, katika safari ambayo Krapf aliuona Mlima Kenya kwa mbali. Kwa hiyo Ukambani palikuwa na mafundi na palikuwa na wachuuzi, ila fundi alichonga kwa ajili ya kijiji na mchuuzi aliuza kilichotoka porini. Hakuna aliyewahi kufikiri kumfungia mchuuzi mzigo wa vinyago.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza na Wajerumani walipopigana Afrika Mashariki kuanzia 1914 hadi 1918, wanaume wa Kenya walikusanywa kwa makumi ya maelfu wakawe wapagazi. Barabara hazikuwepo, wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o, na kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilibebwa kichwani. Wapagazi walikufa wengi mno, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Dar es Salaam ilitekwa na Waingereza Septemba 1916, na wapagazi kutoka Kenya wakajikuta katika nchi ya Wazaramo.

Masimulizi ya Wamunyu yanasema kwamba Mutisya alikuwa miongoni mwao, na kwamba huko ndiko alikokutana na wachongaji wa mpingo. Wapo wanaowataja Wamakonde, lakini simulizi nyingi zinawataja Wazaramo. Hao walikuwa na uchongaji wao wa zamani, ukiwemo ule wa mwana hiti, sanamu ndogo anayopewa msichana wakati wa unyago. Zaidi ya hayo, kwa kuwa walikaa karibu na mji mkuu wa koloni, walikuwa wamekwisha kuzoea kumwona mgeni akisimama, akishika sanamu, akitia mkono mfukoni.

Hilo la mwisho ndilo zito. Kuchonga Mutisya alikuwa anajua. Mpingo nao aliufahamu, maana unaota hata katika nchi kavu ya Ukambani. Jambo geni kwake lilikuwa kumwona mtu akitoa fedha taslimu kwa kitu asichokalia, asicholia chakula wala kutembelea. Mpagazi mwingine angeliona jambo hilo akacheka, akaenda zake. Yeye alilibeba likaenda naye nyumbani.

Aliporudi Wamunyu baada ya vita akaanza kuchonga sanamu za kuuza. Wanunuzi wa kwanza walikuwa Wazungu: wamisionari, maofisa wa serikali, walowezi waliokuwa wamechukua mashamba ya karibu. Inasimuliwa kwamba alifanya kazi kwa faragha, na kwamba kwa miaka kadhaa ujuzi huo haukutoka nje ya familia yake. Ni rahisi kumlaumu kwa hilo, lakini mtu aliyegundua kisima peke yake wakati wa ukame ana haki ya kunywa kwanza. Mutisya hakuwa na hataza, hakuwa na nembo, hakuwa na sheria yoyote ya kumlinda. Siri ndiyo ilikuwa mtaji wake.

Siri yenyewe haikudumu. Ndugu akamfundisha shemeji, shemeji akamfundisha rafiki, na watoto waliokuwa wakiokota vibanzi wakakua wakiwa wachongaji. Tena Ukambani ya wakati huo ilikuwa inatafuta kwa hamu chochote cha kuleta shilingi. Ardhi nzuri ilikuwa imechukuliwa, mvua ilikuwa ya kubahatisha, na kodi ya kichwa haikungoja mavuno. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ikaanza kuwanyang'anya Wakamba mifugo kwa madai kwamba imezidi na inaharibu ardhi, na ng'ombe hao wakauzwa kwa bei ya chini kwa kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, kwenda Nairobi kudai haki yao, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa hadi serikali ikalegeza kamba. Watu walioishi hivyo, wakijua kwamba hata ng'ombe anaweza kuchukuliwa kwa amri ya barua, hawakuhitaji kushawishiwa kwamba tezo na kipande cha mpingo ni mali.

Vita Kuu ya Pili vilileta wanunuzi wapya. Kenya ilijaa askari wa Kiingereza wenye mshahara na hamu ya kupeleka kitu nyumbani, na mchuuzi wa Kikamba akajua wapi pa kusimama: nje ya hoteli, kituo cha treni, bandarini Mombasa meli inapotia nanga. Baada ya vita wachuuzi hao wakavuka mipaka wakiwa na mizigo ya vinyago, wakatembeza kazi ya Wamunyu katika miji ya Afrika Mashariki na mbali zaidi kusini. Ule usafiri wa akina Kivui ulikuwa umerudi, safari hii ukiwa na mzigo uliotengenezwa nyumbani. Mwaka 1958 mchumi Walter Elkan aliandika makala katika jarida la Africa kuhusu biashara hiyo ya vinyago. Ni jambo la kujivunia kwamba wakati huo, ambapo wakoloni walipenda kusema Mwafrika hana moyo wa biashara, msomi alikuwa na biashara nzima ya kuichunguza, iliyojengwa na wakulima bila afisa wa kuwaelekeza.

Sasa tukae na fundi mwenyewe kidogo, maana watu wengi wanaonunua twiga hawajawahi kumwona akizaliwa.

Mchongaji hukaa chini, miguu imenyooka mbele, na gogo hulishika kwa nyayo. Nyayo zake ndizo jiriwa. Kwanza hulipunguza gogo kwa shoka mpaka umbo la jumla lionekane: hapa kichwa, hapa mgongo, hapa nafasi ya miguu. Halafu huchukua tezo. Chombo hiki kidogo, chenye ulimi wa chuma uliopinda kuelekea kwa mwenye kukishika, ndicho uhai wa kazi yote. Wakamba hukiita ngomo, na fundi huwa na kadhaa, pana na nyembamba, ambazo mara nyingi zimefuliwa na mhunzi wa jirani kutokana na chuma chakavu. Kila pigo huondoa kibanzi kinacholingana na kilichotangulia, na fundi mzoefu hupiga bila kuchora mstari wowote. Baada ya tezo huja kisu kwa masikio, macho na kwato. Baada ya kisu huja tupa, kisha msasa: kwanza wa chenga kubwa, halafu wa chenga ndogo, halafu laini kabisa. Kupiga msasa ni kazi ya saa nyingi, na mara nyingi hufanywa na wanawake au vijana wanaoanza, kwa malipo yaliyo madogo kuliko ya mchongaji. Mwisho kabisa huja nta au rangi ya viatu. Ndiyo, rangi ya viatu, ile nyeusi ya kopo, ambayo imewafanya wageni wengi waamini wameshika mpingo kumbe wameshika mti mwingine.

Katika kazi hii hakuna aliyefundishwa kwa ubao na chaki. Mtoto huanza kwa msasa, akaenda kwenye kijiko, akaenda kwenye mnyama mdogo. Mbao ndiyo mwalimu mkali: ukipiga tezo kinyume cha nyuzi, sikio la twiga linaruka na siku nzima imepotea. Ukichonga mti mbichi ukauacha juani, usiku utausikia ukipasuka. Kwa hiyo fundi hujifunza kuficha kazi kivulini, kuifunika kwa vumbi la mbao ili ikauke polepole, na kuusoma mti kabla hajaugusa. Tena kila mmoja hushika mnyama wake. Yupo anayechonga vifaru maisha yake yote, jirani yake ni wa twiga, na wa tatu huchonga mabakuli tu. Wasomi wa sanaa wamewahi kuwadharau kwa sababu hiyo, wakisema ni kazi ya kurudiarudia. Dharau hiyo haina haki. Mtu aliyechonga mnyama mmoja kwa miaka 30 anajua kuhusu uzito wa shingo yake mambo ambayo mchoraji wa mjini hatayajua kamwe, na anajua pia kwamba karo ya shule haingoji wazo jipya.

Kusini mwa mpaka kuna mfano mwingine unaofaa kuwekwa kando ya huu. Wamakonde waliohamia Tanganyika kutoka Msumbiji nao walichonga kwa muda mrefu sanamu zilizofuata matakwa ya wanunuzi. Katika miaka ya 1950, mchongaji Samaki Likankoa alimpelekea Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago jijini Dar es Salaam, kazi za mtindo mwingine kabisa: viumbe wa ajabu, wa jicho moja, wenye viungo visivyo mahali pake. Ndio mwanzo wa mtindo wa shetani unaofahamika leo. Mtu wa kuchonga kitu kama hicho alihitajika, na mtu wa kukinunua bila kukicheka alihitajika vilevile. Kama Peera angelirudisha kinyago kile na kuomba simba, pengine tusingekuwa na ukumbi wowote wa makumbusho wenye mashetani ya Kimakonde.

Wamunyu nao walifika mahali ambapo mnunuzi ndiye aliyeshika usukani. Utalii wa ndege ulipoongezeka katika miaka ya 1960 na 1970, vinyago vilianza kuuzwa kwa makontena, na kati ya mchongaji na mgeni pakaingia wenye maduka, madalali na wasafirishaji. Mchongaji mmoja mmoja hana nguvu mbele yao. Dalali anajua kwamba leo ni Ijumaa, kwamba mtoto yuko nyumbani amefukuzwa shule kwa ajili ya karo, na kwamba twiga haliwi. Anangoja. Jioni bei imeshuka yenyewe.

Jibu la mafundi lilikuwa vyama vya ushirika. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba waliohamia Mombasa walianzisha chama chao huko Changamwe. Wamunyu wakawa na chao, na Nairobi, Malindi na Makindu vikafuata vingine. Utaratibu wa Changamwe unafaa kuelezwa, kwa sababu ni rahisi na una akili. Wanachama huchonga wakiwa pamoja kwenye vibanda, lakini kila mmoja anachonga chake. Kazi ikikamilika hupelekwa kwenye ukumbi wa maonyesho wa chama, ikiwa na namba ya mwanachama na bei. Mgeni akinunua, mauzo yanaandikwa kwenye namba ile; chama kinakata sehemu yake ya gharama, na kinachobaki ni cha mwenye namba. Mchongaji hahitaji kujua Kijerumani, hahitaji kumkimbilia mtalii ufukweni, na hahitaji kukubali bei ya dalali wa Ijumaa. Vyama hivyo vimekuwa na ugomvi wao wa uongozi na hesabu, kama vyama vingi vya ushirika katika eneo letu. Hata hivyo vilimpa fundi kitu ambacho Mutisya alikipata kwa siri tu: njia yake mwenyewe ya kumfikia mnunuzi.

Kulikuwa na hesabu nyingine ambayo hakuna aliyeiandika daftarini. Mpingo huchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kufaa. Muhuhu, mti mgumu wenye harufu nzuri ambao wachongaji waliukimbilia mpingo ulipoadimika, nao hukua taratibu mno. Kufikia miaka ya 1990 watafiti walikadiria kwamba wachongaji wa Kenya walitumia zaidi ya miti 50,000 kwa mwaka. Magogo ya muhuhu yalikuwa yanatolewa kwa wizi katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, msitu wenye ndege na wanyama ambao hawapatikani kwingine ila kwa nadra. Wamunyu kwenyewe mpingo mkubwa ulikuwa umebaki hadithi, na magogo yakawa yanaletwa kwa lori kutoka mbali, bei ikipanda kila mwaka huku bei ya kinyago ikiwa palepale.

Hapa mafundi hawa walionyesha tena uwezo wa kujifunza bila shule. Kupitia mpango wa Watu na Mimea, ulioendeshwa na WWF, UNESCO na bustani ya Kew ya Uingereza, walihimizwa kuhamia miti ya shambani: mwarobaini, mwembe, jakaranda. Wengi walisita, na walikuwa na sababu. Mwarobaini hupasuka usipokaushwa vizuri, rangi yake haifanani na mpingo, na mgeni aliyezoea weusi huuliza kwa nini huyu kifaru ni mwekundu. Ilibidi wajifunze upya namna ya kukausha, namna ya kuua wadudu kabla mzigo haujasafirishwa, na namna ya kumweleza mnunuzi kwamba anachoshika hakikutoka msituni. Faida ilikuwa dhahiri. Mwarobaini uliletwa Afrika Mashariki kutoka Bara Hindi, umezagaa pwani nzima, na kwa miaka 20 hivi huwa gogo la kuchongwa. Katikati ya miaka ya 2000, wakulima wa pwani waliokuwa wakiwauzia wachongaji walipata cheti cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu. Kinyago cha Mkamba kikaweza kuuzwa Ulaya kikiwa na alama inayothibitisha kwamba mti wake ulikatwa kwa utaratibu.

Upande wa Tanzania, vijiji vya Kilwa vilipata cheti hichohicho mwaka 2009 kwa misitu yao yenye mpingo, mti ambao ndani yake ni mzito hata unazama majini, na ambao viwanda vya Ulaya hutengenezea zumari za klarineti na obo. Wanakijiji wakaanza kulipwa bei halisi kwa mti ambao awali uliondoka kwa bei ya kuni.

Cheti hakizuii misukosuko. Mlipuko wa bomu Nairobi mwaka 1998, shambulio la Kikambala mwaka 2002, ghasia baada ya uchaguzi wa 2007, kisha Korona mwaka 2020: kila mara watalii walipokimbia, mchongaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kukosa na wa mwisho kukumbukwa. Hoteli hupewa nafuu ya kodi, shirika la ndege hupewa mkopo, naye mwenye tezo huambiwa asubiri. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma, iliyotangazwa Kenya Februari 2018 na kuondolewa Julai 2023, iliongeza ugumu, kwa kuwa gogo lolote barabarani lilitiliwa shaka hata kama limetoka shambani kwa mtu. Nia ya kulinda misitu ilikuwa njema. Lakini mtu ambaye amehama kutoka muhuhu hadi mwarobaini, akajifunza kazi yake upya ili aache msitu upumue, anastahili kibali kinachopatikana kwa urahisi kuliko hongo.

Vijana wa Wamunyu na Changamwe wa leo wana simu. Wanapiga picha kazi ikiwa bado na vumbi la msasa, wanaituma, wanapatana bei na mtu ambaye hawatamwona. Wengine wameacha wanyama wakaingia kwenye mbao za kukatia mboga, trei, taa za mezani na vyombo vya jikoni, kwa sababu mnunuzi wa Nairobi, Mkenya mwenye nyumba mpya, ameanza kuvitaka. Badiliko hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kwa miaka 100 biashara hii imemtegemea mgeni anayekuja na kuondoka. Sasa kwa mara ya kwanza sehemu yake inarudi kwa yule mteja wa awali, jirani, ambaye babu zake walikalia vigoda vya miguu mitatu. Jirani huyo hakimbii uchaguzi ukichafuka. Analalamika bei, lakini anarudi mwezi ujao, na akiona ufa kwenye trei anajua mlango wa kubisha.

Kazi iliyobaki ni ya hesabu zaidi kuliko ya tezo. Mti mmoja wa mwarobaini ni magogo mangapi? Gogo moja ni trei ngapi? Msasa, nta, usafiri, ada ya chama na siku za kungoja mbao ikauke, vyote vinaingia wapi katika bei? Mafundi wengi wazuri hutaja bei kwa kuangalia anayenunua, na jioni hawajui kama wamepata au wamepoteza. Vyama vya ushirika vingeweza kufundisha hesabu hiyo kwa wanachama wapya wanapopewa namba, siku ileile, kabla hawajauza kijiko cha kwanza.